Bomba Litauawa na Nini?

Kikao kilikaa chini ya mwembe, Buguruni, Jumapili baada ya alasiri. Ajenda zilikuwa mbili na mchango ulikuwa mmoja: kuvusha maji ya mvua chini ya barabara ya mtaa, ambayo kila masika hugeuka bwawa, na kulaza bomba la kupeleka majitaka ya nyumba kumi na nne hadi kwenye chemba ya mtandao mkubwa. Mzee mmoja akasema tununue mapipa matupu ya mafuta, tuyatoboe pande zote mbili, tuyachomelee, kazi imekwisha. Kijana anayeuza vifaa vya ujenzi akasema zama za zege zimepita, siku hizi ni plastiki tu. Mama mwenye genge pale kona akamgeukia: “Mwanangu, hiyo plastiki yako siku watu wakichoma taka pale mtaroni itabaki nini?”

Watu wakacheka. Mimi niliyefanya kazi ya kulaza mabomba miaka kadhaa sikucheka, maana kati ya wote waliozungumza, mama ndiye pekee aliyeuliza swali la kitaalamu. Wengine walikuwa wanashindanisha bidhaa. Yeye aliuliza bomba litauawa na nini.

Na mabomba huuawa kweli. Ni machache sana yanayokufa kwa uzee. Ukifukua bomba lililoharibika utakuta limeliwa na asidi, limepondwa na lori, limesagwa na mchanga, limetobolewa na kutu, limepasuliwa na mizizi au limekorogwa na fundi siku ya kwanza kabisa. Kila aina ya bomba ina adui inayemweza na adui anayeishinda, na adui wa mtaro wa majitaka siye wa kalavati, lile linalovusha maji ya mvua chini ya barabara. Kwa hiyo mtu akikuuliza “bomba gani zuri?” bila kusema linalazwa wapi na litapitisha nini, hakuna jibu la kweli unaloweza kumpa.

Tuanze na majitaka, maana humo ndimo muuaji anapojificha vizuri zaidi.

Siku moja nilisimama juu ya chemba ya zamani iliyofunguliwa tangu asubuhi ili ipate hewa. Fundi alikuwa amefunga bisibisi ndefu kwenye ncha ya fimbo. Akakwaruza sakafu ya bomba la zege, pale majitaka yanapopita kila siku: bisibisi ikalia, zege gumu kama jiwe. Kisha akainua fimbo akakwaruza paa la bomba, sehemu isiyoguswa na maji hata kidogo. Likaporomoka tope jeupe laini, mfano wa chokaa iliyololowa. Akakwaruza tena, tukaona nondo. Sehemu iliyozama kwenye uchafu ilikuwa nzima, na sehemu kavu ndiyo iliyokuwa imeoza.

Maelezo yake ni haya. Kwenye ukuta wa bomba, chini ya maji, hujengeka utando wa ute. Ndani ya ute huo hakuna oksijeni, na bakteria wanaoishi humo hutumia salfeti iliyomo kwenye majitaka badala ya hewa, wakizalisha salfaidi. Maji yakitibuka, kwa mfano yanapoporomoka ndani ya chemba au pale bomba la pampu linapomwaga, salfaidi hiyo hutoka ikiwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Gesi hupanda na kukutana na jasho lililotanda kwenye paa la bomba. Hapo kuna bakteria wa kundi jingine, hawa wanapenda hewa, nao huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, asidi ileile ya betri ya gari. Zege jipya lina pH ya 12 hadi 13, na namba hiyo ikishuka ndivyo asidi inavyozidi kuwa kali. Hawa wadudu wanaweza kuishusha juu ya uso wake hadi 1 au 2. Saruji hugeuka jasi, na jasi haina nguvu ya kubeba barabara. Kiumbe huyo anayetengeneza asidi alitambuliwa mwaka 1945 na mtafiti C. D. Parker aliyekuwa akichunguza mabomba ya Melbourne, Australia. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba asidi hiyo hujitengeneza kwa kemia tu, bila kiumbe hai.

Sasa weka joto la Dar es Salaam juu ya hadithi hiyo. Kanuni wanayotumia wahandisi huongeza kasi ya kuzalisha salfaidi kwa takribani asilimia 7 kwa kila nyuzi moja ya joto. Maana yake majitaka yenye nyuzi 30 huzalisha karibu mara mbili ya yale yenye nyuzi 20. Ndiyo sababu mchoro ulionakiliwa kutoka nchi ya baridi, ambako bomba la zege lisilo na kinga limetumika miaka mingi bila shida, unaweza kutuletea msiba huku kwetu. Ongeza na ardhi yetu. Kariakoo, Jangwani na sehemu kubwa ya Mikocheni ni tambarare. Majitaka hutembea kwa uvivu, na yakikaa sana ndani ya bomba ndivyo yanavyozidi kuoza.

Kwa hiyo mteremko nao ni sehemu ya kuchagua bomba, ingawa hauuzwi dukani. Majitaka yanatakiwa yaende angalau kama sentimita 60 kwa sekunde ili yabebe mchanga na kinyesi bila kuviacha njiani. Kwa bomba la milimita 150 hilo linapatikana likishuka mita 1 katika kila mita 200. Watu husikia hivyo wakadhani ni kidogo. Lakini kuhakikisha bomba linashuka sentimita 3 tu katika kila mita 6, bila kupanda hata mahali pamoja, kunataka kipima-usawa na uvumilivu, na fundi anayekadiria kwa jicho hawezi.

(Na jambo moja nje ya mada, lakini siwezi kulipita. Gesi hiyohiyo inaua watu. Ikiwa nyingi pua huacha kuisikia harufu, kwa hiyo kutosikia harufu si dalili ya usalama. Vyura wetu, wale wanaoshuka mashimoni kupakua vyoo kwa mikono, wanaijua vizuri. Asiingie mtu kwenye chemba bila kipimo cha gesi, kamba kiunoni na watu wa kumvuta.)

Basi kwa majitaka, mabomba yasiyojali asidi ndiyo yana haki ya kwanza. Mabomba ya udongo wa kuchomwa hayaliwi na asidi hata kidogo, na kuna miji ya Ulaya ambako yamefanya kazi zaidi ya miaka mia. Ubaya wake ni uzito, hupasuka ukiyabamiza, na hapa mjini si kitu utakachokikuta kirahisi dukani. Plastiki, yaani PVC ngumu na polithini nzito ambayo mafundi wanaiita HDPE, nayo haijali asidi, ni nyepesi, na ndiyo iliyotawala. Mitandao ya mabomba madogo yaliyolazwa kina kifupi kwenye makazi yaliyobanana, kama ule wa Vingunguti unaopeleka majitaka kwenye mabwawa, isingewezekana kwa mabomba ya zege. Ungelipitishaje bomba la zege kwenye uchochoro ambao hata bajaji haiingii?

Zege halijafukuzwa lakini. Kwa vipenyo vikubwa bado linahitajika, ila linalindwa: ama linavishwa ngozi ya plastiki kwa ndani tangu kiwandani, ama linatengenezwa kwa kokoto zenye chokaa. Afrika Kusini wametumia kwa miongo kadhaa kokoto za dolomaiti kwenye mabomba ya majitaka, kwa hoja rahisi kwamba kokoto yenyewe inapigana na asidi na kuipunguzia nguvu badala ya kuiachia saruji peke yake. Tahadhari hapa: saruji inayouzwa kwa sifa ya kuhimili salfeti ni nzuri kwa ardhi yenye salfeti, lakini haikingi paa la bomba dhidi ya asidi. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Bomba linalosukumwa na pampu ni habari nyingine, hapo utaangalia HDPE iliyounganishwa kwa joto au chuma cha daktaili, yaani chuma cha kusubu kisichopasuka kirahisi, kilichovishwa kinga kwa ndani. Na ukifukua ukakuta bomba la zamani la saruji yenye asbesto, usilikate kwa msumeno likiwa kavu. Vumbi lake huharibu mapafu.

Turudi kwa plastiki, kwa sababu ndiyo watu wengi watanunua, na ndiyo inayouawa kwa ujinga zaidi kuliko zote.

Bomba la zege hubeba mzigo lenyewe. Ukiliweka juu ya matofali mawili na kusimama katikati, litasimama nawe. Bomba la plastiki haliko hivyo. Mzigo ukilibana kutoka juu, hupanuka ubavuni, na linaponywa na mchanga ulioshindiliwa kila upande unaolizuia lisipanuke. Kwa hiyo ukinunua plastiki umenunua nusu ya bomba, na nusu nyingine unaitengeneza mwenyewe kwa mchanga na shindilio. Ukirudishia kifusi chenye matofali, magunzi na vipande vya vigae halafu ukakanyagakanyaga kwa miguu, lori la kwanza la mchanga litaligeuza kuwa umbo la yai. Kikomo kinachotumika sana ni kubonyea kwa asilimia 5 ya kipenyo. Zaidi ya hapo viungo huanza kuvuja na uchafu kunasa.

Dukani angalia maandishi yaliyochapwa ubavuni mwa bomba. Mabomba ya majitaka yanayotiririka yenyewe hupimwa ugumu kwa alama ya SN: SN4 na SN8 ndizo utakazoziona sana. Kwa bomba la milimita 160, unene wa ukuta wa SN4 ni milimita 4.0 na wa SN8 ni 4.7. Tofauti haifiki hata milimita moja, lakini daraja la ugumu limepanda mara mbili. Chini ya uchochoro wa watembea kwa miguu SN4 inatosha. Chini ya njia ya magari chukua SN8 bila kubishana. Yale mabomba ya kijivu membamba ya inchi 4, yaliyokusudiwa kushusha maji ya bafu ukutani, hayana kazi chini ya barabara, hata kama muuzaji anaapa. Alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, iwepo. Na kama PVC imeanikwa juani mbele ya duka mpaka imepauka upande mmoja, mwachie mwenyewe. Jua limeshaanza kuifanya iwe rahisi kupasuka.

Kuna na hili la maji ya ardhini, ambalo Msasani, Mikocheni na bonde lote la Msimbazi wanalijua. Ukichimba mita moja na nusu unaweza kukutana na maji. Bomba tupu la plastiki la milimita 600 lina nafasi ya zaidi ya kilo 280 za maji kwa kila mita, na lenyewe lina uzito mdogo tu. Mvua ikinyesha usiku kabla hujalifukia, asubuhi utalikuta linaelea mtaroni kama mtumbwi. Ufumbuzi ni kufukia kipande kwa kipande, kila siku umalize ulichoanza.

Sasa kalavati, na hapa orodha ya maadui inabadilika yote.

Maji ya mvua hayana asidi ya kutisha. Yanachokuja nacho ni mchanga, mawe, matairi, chupa na magogo. Yanakuja kwa hasira, saa mbili tatu za mvua ya masika zikishusha maji kutoka vilima vya Pugu hadi baharini kupitia mito ambayo wakati wa kiangazi unairuka kwa hatua moja. Juu yake kuna magari, na kisheria ekseli moja ya matairi manne inaruhusiwa kubeba hadi tani 10, achilia mbali wanaozidisha. Katika mazingira hayo zege lenye nondo bado ndilo mfalme. Ni zito, halielei kirahisi, linavumilia mchanga, linahimili lori hata likifunikwa na udongo haba, na mafundi wa kufyatua ringi, vile vipande vya bomba la zege, wapo kila wilaya. Ukaribu wa kiwanda nao ni bei, maana usafiri wa ringi kutoka mbali unaweza kumeza unafuu wote.

Karibu na bahari lina udhaifu wake. Chumvi hupenya polepole hadi kwenye nondo, nondo huota kutu, kutu huvimba na kulipasua zege kwa ndani. Kwa Kigamboni au sehemu zinazofikiwa na maji kujaa, sisitiza zege lililobanana vizuri na nondo zilizofunikwa kwa unene wa kutosha. Ringi inayoonyesha nondo kabla hata haijashushwa kwenye gari irudishwe ilikotoka.

Kalavati la mabati ya mawimbi linavutia kwa sababu ni jepesi na hufungwa kwa bolti kwa siku moja. Kwa barabara ya bara, udongo mkavu, ni chaguo la maana kabisa. Lakini mchanga husugua zinki, ule mpako unaolikinga na kutu, kwenye sakafu yake, kisha kutu huingia, kisha udongo huvuja kidogo kidogo kupitia matundu mpaka barabara inadidimia ghafla. Halafu kuna hesabu ambayo wengi huisahau: yale mawimbi hupunguza mwendo wa maji. Kwa vigezo vya kawaida vya ukwaruzo, 0.013 kwa zege na 0.024 kwa bati la mawimbi, bomba la zege la milimita 900 hupitisha maji sawa na la bati la karibu milimita 1130 kwenye mteremko uleule. Anayelinganisha bei ya 900 kwa 900 analinganisha vitu viwili tofauti.

Na mapipa ya mzee wetu? Bati la pipa ni jembamba, halina zinki, na upana wake haufiki hata milimita 600. Ni daraja la kuingilia getini kwa misimu michache. Kwa barabara ya mtaa, hapana, shikamoo yake ninaiheshimu lakini hapana.

Kuhusu upana, napendelea milimita 900 kwa kuvuka barabara hata kama hesabu ya maji inasema 600 inatosha. Mtu mzima anaweza kuingia kwenye 900 na koleo akatoa mchanga. Kalavati la 600 likiziba katikati ya Aprili, nani ataingia? Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 chupa na nguo kuukuu bado zinafanya kazi hiyo ya kuziba bila shida yoyote.

Swali la mama wa genge sasa lina jibu. Kalavati la plastiki ncha zake zikiwa wazi mtaroni, na watu wakachoma taka humo, linashika moto na kuyeyuka. Linaweza kutumika kama ncha zimezungushiwa ukuta wa zege au mawe, na udongo wa juu ni wa kutosha. Ila kwenye mtaa ambao jalala la karibu ni mtaro wenyewe, mimi siliweki. Vivyo hivyo vifuniko vya chemba: cha chuma ni imara, mpaka usiku mmoja kitakapokwenda kuuzwa chuma chakavu. Cha zege hakina mnunuzi.

Viungo nivitaje kwa ufupi, ingawa huko ndiko matatizo mengi huanzia. Raba iliyopakwa kilainishi chake na kuingizwa sawasawa hushinda gundi na hushinda saruji ya kupaka. Ringi zilizounganishwa kwa kupiga lipu tu zikicheza kidogo lipu hupasuka, mchanga huingia, na mizizi ya mfikusi ulioko mita nane pembeni itapata njia.

Tumefika kwenye pesa. Chukua mfano wa kubuni: kulaza bomba kunagharimu shilingi milioni 1 kwa mita, ukijumlisha kuchimba, kuvuta maji, mchanga, kushindilia na kurudishia barabara, na bomba lenyewe ni 250,000 kati ya hizo. Ukipata bomba la bei nafuu kwa asilimia 20 umeokoa 50,000, yaani asilimia 5 ya kazi. Likiharibika baada ya miaka 15, utalipa tena milioni yote, pamoja na kuvunja lami, kusumbua daladala na kumwaga kinyesi mbele ya milango ya watu. Ukitaka kubana matumizi, bana kwenye kina: kila nusu mita unayoepuka kuchimba chini ya usawa wa maji ni fedha nyingi kuliko punguzo lolote la dukani. Na usimbane anayeshindilia. Siku moja ya ziada ya mashine ya kushindilia ndiyo bima ya bei rahisi kuliko zote nizijuazo.

Buguruni tuliishia na ringi za zege za 900 kwa kuvuka barabara, zenye kuta za mawe pande zote mbili na sakafu ya mawe pale maji yanapotokea ili yasichimbe. Kwa majitaka tulichukua PVC ya milimita 200, SN8, viungo vya raba. Mapipa mzee aliyachukua akayatumia kuhifadhia maji.

Kabla ya malipo ya mwisho niliomba kitu kimoja ambacho mkandarasi mdogo tuliyempa kazi alikiona kama utani. Bomba lile kwa ndani lina milimita 188 hivi. Seremala alituchongea gogo la duara la milimita 178, yaani pungufu kwa ile asilimia 5 hivi ya kubonyea, laini, lenye ndoano kila upande. Tukapitisha kamba kutoka chemba hadi chemba, vijana wawili wakavuta. Vipande vitatu vya kwanza lilipita likiteleza kama samaki. Kati ya chemba ya nne na ya tano likakwama.

Tukapima urefu wa kamba, tukachimba pale pale. Ubavuni mwa bomba kulikuwa na jiwe ukubwa wa nazi, limerudishwa na kifusi, limelisukuma bomba hadi limebonyea kama kopo. Jiwe hilo sasa liko gengeni kwa yule mama, anazuilia mlango usijifunge kwa upepo.